Ruzuku ya gesi inaishia kwenye mtungi, kwenye sufuria haifiki

Binti Kizuiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu na vyama tuviweke pembeni, maana linagusa jiko la kila mmoja wetu.

Mwaka jana lori la msambazaji lilifika kijijini kwetu, upande wa Mkuranga, likiwa na mitungi ya kilo 6 ya bei ya ruzuku. Mpango wenyewe mnaujua: Wakala wa Nishati Vijijini (REA) analipia nusu ya bei, mwananchi anakuja na namba ya NIDA na kumalizia nusu iliyobaki. Mama yangu alitoa 20,000 akapewa mtungi, jiko la kukaa juu yake, na gesi ikiwa ndani. Usiku ule alinipigia simu kunieleza jinsi chai ilivyochemka kabla hajamaliza kupanga vikombe.

Nilipokwenda kumsalimia sikukuu ya Idi nikaukuta mtungi nyuma ya mlango wa uani, unauzuia usipigwe na upepo. Ameufunika kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Gesi iliisha wiki ya nne. Kujaza ni 24,000, na duka liko barabarani, boda kwenda na kurudi 6,000. Jumla 30,000, zaidi ya alivyotoa siku aliyoununua mtungi wenyewe. Kuni anaokota bure. Amerudi kwenye mafiga matatu, na kile kikohozi cha asubuhi kimerudi naye.

Hapa mjini, Mbagala ninapopanga, nako kuna hesabu yake. Jirani yangu wa chumba cha pili ana watoto watatu na mumewe ni kibarua wa kubeba zege. Ananunua mkaa wa kopo, asubuhi wa 500, jioni wa 1,000. Kwa mwezi ni 45,000. Mimi mtungi wangu wa 24,000 unanifikisha siku 25 hivi, na ninapikia watu wanne. Yeye mwenye kipato kidogo analipa kama mara moja na nusu ya ninacholipa mimi ili apate moto uleule, na moshi juu yake. Anajua kabisa kwamba gesi ni nafuu, nimeshakaa naye tukapiga hesabu. Ila 24,000 haijawahi kulala mkononi mwake kwa wakati mmoja. Mumewe akirudi na 12,000, kuna unga, kuna mafuta, kuna nauli ya kesho.

Kwa hiyo swali langu ni hili: fedha ya umma inapotolewa ili watu wachague nishati safi, imfuate nani? Naona inamfuata yule ambaye tayari ana pesa ya mkupuo. Aliyekuwa hatua moja nyuma ya gesi amesukumwa akaingia. Aliye hatua tano nyuma amepewa mtungi wa kuzuia mlango. Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Ruvu

Dada, uzi mzuri, lakini tusiwe wepesi kubeza. Nchi ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo tulikuwa na nini? Matamko ya majukwaani. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, na shule niliyosoma mimi leo ina jiko la gesi, wapishi hawatoki machozi tena.

Mtungi ndio mlango. Asiyekuwa na mtungi hata ukimpa ruzuku ya kujaza atajazia wapi? Anza na mlango kwanza, mengine yatafuata. Ukitaka haki kamili siku ya kwanza, hutaanza kamwe.

Binti Kizuiani

Mwana wa Ruvu, hapo tunakubaliana kwamba mtungi ni mlango. Ninachouliza ni kwa nini tunahesabu milango tukidhani tumehesabu waliomo ndani. Ripoti inasema mitungi imegawiwa. Mtungi wa mama yangu umo kwenye hesabu hiyo kama ushindi, na yeye anapikia kuni.

FundiMita

Niongeze la umeme, maana gesi imechukua sifa zote na mimi kazi yangu ni kufunga nyaya.

Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye bei ya chini. Akinunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 1,000 anapata uniti 8 na kidogo. Mteja wa kawaida kwa 1,000 ileile anapata uniti 2.8. Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa nia njema, ili maskini asishindwe kuwasha taa. Sasa angalieni inavyofanya kazi Mbagala, Tandale, Manzese, Buguruni.

Nyumba moja ina vyumba sita, wapangaji sita, LUKU moja. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25 kwa mwezi: taa, simu, redio, feni kidogo. Jumla uniti 150. Mita haijui kwamba hizo ni familia sita, inaona mteja mmoja mkubwa. Wote wanalipa karibu 356 kwa uniti, yaani 8,900 kila chumba. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa kama 3,050. Na yule mwenye nyumba yake peke yake, mke, mume na mtoto mmoja, akijibana chini ya uniti 75, anakula bei ya maskini.

Hapo sijagusa kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, siku hizi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni la mwenye nyumba, anayeweka vocha ni mpangaji.

Kwa hiyo ukimwambia mpangaji apikie umeme, unamwambia apikie bei ambayo haikutungwa kwa ajili yake.

Mke wa Mwalimu

FundiMita, mimi ni mpangaji na nina lile jiko la presha la umeme. Nilipimiwa na mdogo wangu kwa kimita cha kuchomeka ukutani: maharage kilo moja, hayakulowekwa, hayakufikia nusu uniti. Hata kwa hiyo bei kubwa ya 356 ni chini ya 180. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo si chini ya 1,000. Umeme ni rahisi hata ukinunua kwa bei mbaya.

Tatizo liko kwa mwenye nyumba. Kwenye mkataba wetu kuna mstari umeandikwa kwa peni: hairuhusiwi jiko la umeme, hita, wala pasi zaidi ya mara moja kwa wiki. Wapangaji wenzangu wanaamini mimi ndiye ninayemaliza LUKU. Napika usiku, nimezima taa, nimefunika jiko na kanga ili mlio wa presha usisikike koridoni. Mtu mzima naiba kuchemsha maharage kwenye chumba ninacholipia kodi.

Jiko lenyewe nililipata kwa kucheza mchezo wa kuchangishana pesa kwa zamu na walimu wenzake mume wangu, zamu yangu ilipofika nikalinunua. Bila mchezo nisingeliweza.

Binti Kizuiani

Mke wa Mwalimu, pole sana. Umesema jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya nishati safi: kwamba anayechagua nishati ya kupikia mara nyingi ni mwenye nyumba. Ruzuku inamfuata mpikaji, uamuzi uko kwa mwenye mkataba.

Mzigua wa Handeni

Nimesoma kimyakimya, ngoja niseme na upande wetu.

Baba yangu alichoma mkaa, mimi nimechoma mkaa miaka tisa. Tunaambiwa sisi ndio tunaomaliza msitu. Takwimu za serikali zinasema nchi inapoteza takribani hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Sikatai, macho ninayo. Lakini mje mwone msitu unavyokwenda. Anaanza mkulima kufyeka shamba la mahindi au ufuta, miti inaangushwa, mimi nachoma kilichoangushwa. Ningeacha, angeichoma moto ikawa majivu. Si hivyo kila mahali, yapo maeneo mkaa wenyewe ndio unaoangusha mti, nayo nimeyaona.

Gunia moja ukilifuatilia kutoka tanuri hadi Dar, kuna mkata magogo, mchomaji, mpakiaji, mwenye boda au fuso, ushuru wa kijiji, malipo ya huduma za misitu, dalali, muuza kopo. Wote wanakula kwenye gunia hilo. Katika mkakati wa nishati safi nimesikia ruzuku ya msambazaji wa gesi, ambaye ni kampuni yenye malori. Sijasikia ya mtu wa tanuri aache kazi aende wapi. Anaambiwa aache tu.

Kilosa kulikuwa na vijiji vilivyofanya mpango wa mkaa endelevu: msitu wa kijiji unagawanywa vipande, kinavunwa kimoja, kinaachwa kichipue, na ushuru unabaki kijijini. Kwangu mimi ile ilikuwa motisha, maana kijiji kikilinda msitu kinaona faida mwaka uleule. Msitu ukiwa na mwenyewe hauchomwi ovyo.

Mwana wa Ruvu

Mzigua, hapo umenigusa. Lakini nikuulize kwa heshima: mtoto wa yule mama wa kopo akiugua mapafu, alipe nani? Hatuwezi kuubakiza moshi Mbagala ili tanuri liwake Handeni.

Mzigua wa Handeni

Hatuwezi, ndugu yangu. Mimi mwenyewe kifua changu hakiko sawa. Ninachoomba ni kwamba tukiitwa tuache, tuitwe na mezani pia.

Mswahili wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu. Niko Mombasa, niwape yaliyotukuta sisi, huenda yakawasaidia.

Kenya gesi ya kupikia iliondolewa VAT mwaka 2016. Watu wengi wakanunua mitungi, makaa yakaanza kuachwa. Julai 2021 VAT ikarudishwa, asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikaondolewa kabisa tena. Katika miaka saba mtu mmoja na mtungi wake mmoja amevutwa huku na kule mara tatu. Wenye pesa walistahimili. Majirani zangu waliouza mtungi 2021 hawajanunua mwingine hadi leo, kwa sababu mtungi ukishauzwa, kuurudisha ni pesa mpya.

Na kabla ya hapo, Septemba 2018, mafuta ya taa yalipandishiwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kuzuia wanaoyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa wale wachanganyaji wa malori. Aliyelipa ni mama mwenye stovu ya tambi chumbani, ambaye hakuwahi kuiona lori ya dizeli kwa karibu. Wengine walihamia gesi, kweli. Wengine walirudi kwa makaa.

Jambo lingine: kuondoa VAT kunaonekana ni haki kwa sababu kila mtu anafaidi. Lakini anayechoma mitungi miwili ya kilo 13 kwa mwezi anasamehewa mara nyingi zaidi ya anayejaza kilo 6 kwa miezi miwili. Asiyejaza kabisa hasamehewi kitu. Na mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mimi sina ubaya na magari hayo, hewa ya Nairobi inayahitaji. Lakini mwaka ule nani alikuwa akinunua gari la umeme?

Binti Kizuiani

Ahsante sana ndugu wa Likoni. Hilo la kuyumba kwa sera ni zito. Maskini akibadilisha jiko anabadilisha maisha yote: sufuria, muda wa kuamka, hata aina ya maharage anayonunua. Ukimyumbisha mara moja hakuamini tena.

Niongeze la India, kwa sababu wao walianza kabla yetu. Mei 2016 walizindua mpango wa Ujjwala, wa kuwapa wanawake wa kaya maskini gesi, na kufikia Septemba 2019 walikuwa wameunganisha kaya milioni 80. Walikutana na hili hili letu: mtungi umefika, kujaza kunashindikana, kuni zinaendelea. Mei 2022 wakaweka ruzuku kwenye kujaza, rupia 200 kwa mtungi hadi mitungi 12 kwa mwaka, kwa hao wa Ujjwala tu, na Oktoba 2023 wakaipandisha ikawa 300. Ilichukua miaka sita tangu mpango uzinduliwe hadi ruzuku hiyo ya kujaza ya hao maskini peke yao. Sisi tumeshaliona kosa la mwenzetu, tuna sababu gani ya kulirudia kwa muda uleule?

Mlipakodi

Naomba mniruhusu nipingane kidogo. Mimi nimeajiriwa, kodi inakatwa kabla sijaiona. Gesi nanunua bei kamili, jiko nimenunua bei kamili. Kila ruzuku mnayoitaja inatoka kwangu. Mkiweka ruzuku ya kujaza, itakuwa ya milele. Mtungi ni mara moja, unatoa unamaliza. Kujaza ni kila mwezi hadi lini? Na wapo watakaojaza kwa bei ya ruzuku na kuuza kwa bei ya duka, tunajuana.

Binti Kizuiani

Mlipakodi, hoja yako ni halali na sitaki kuipita juu juu.

La kwanza, jirani yangu naye analipa kodi. Iko kwenye sabuni, kwenye vocha ya simu, kwenye nauli ambayo ndani yake kuna tozo za mafuta, na hilo la kodi ya jengo FundiMita ameshalisema. Hakatwi kwenye mshahara kwa sababu hana mshahara. Kwa hiyo mtungi alioupata mtu mwenye pesa ya mkupuo, jirani yangu naye ameuchangia.

La pili, la uchuuzi. Mbolea ya ruzuku tangu 2022 inatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, anapata namba kwenye simu, duka linathibitisha. Ina matatizo yake, wakulima humu watasema, lakini imeonyesha kwamba tunaweza kumfikia mtu mmoja mmoja kwa simu ya kitochi. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina orodha ya kaya za mpango wa kunusuru kaya maskini. Tukianza na hao, kila kaya ipunguziwe 10,000 kwenye mitungi michache kwa mwaka, tungejua mapema nani anajaza na nani ameacha. Leo hatujui, kwa sababu baada ya kuuza mtungi hakuna anayerudi kuuliza.

La tatu, hadi lini? Sijui niseme miaka mingapi. Ila jirani yangu hahitaji kupunguziwa bei hata senti moja. Ameshalipa 45,000. Anahitaji kulipa kidogo kidogo. Zipo mita za gesi za kulipia kwa simu, unaweka 1,000 unapika ya 1,000. Fedha ya umma ingeweza kuilipia hiyo mita, kama ilivyolipia mtungi, na ingekuwa mara moja kama unavyotaka.

Mama Lishe Buguruni

Wanangu mnaongea vizuri, na mimi naongea nikiwa jikoni. Tuliitwa kwenye mkutano tukapewa mitungi midogo, kila mama mmoja. Nashukuru, sijakataa. Lakini mimi nasonga ugali wa kilo 5 kwa mara moja. Sufuria ile ukiiweka juu ya mtungi wa kilo 6 na kuanza kusonga, mtungi unacheza, chini hausimami. Siku ya pili yake mwiko uliteleza, sufuria ikainama, nikaungua mkono hadi kiwiko. Nilirudi kwenye mkaa saa ileile, maana wateja wa saa saba hawasubiri mkono upone.

Nimenunua mwenyewe jiko la chuma la kukaa chini na mtungi mkubwa, kwa mkopo wa kikundi, riba ninalipa mpaka sasa. Aliyekuja na mitungi midogo angetuuliza tunapika nini, angejua. Kwetu sisi mtungi mdogo unafaa chai na mayai.

Mwana wa Ruvu

Mama, shikamoo, na pole kwa mkono. Nakiri hili sikulijua. Nilikuwa natetea idadi.

FundiMita

Mama Lishe, mtungi mdogo si wa kusongea ugali hata wa nyumbani wa watu wengi. Mwenye nao, achemshie na kukaangia. Na mpira wa gesi kwa mtungi mkubwa ubadilishwe ukianza kukakamaa au kupasuka, usisubiri harufu.

Binti Kizuiani

Wakuu, nimeongea na mama mwenye nyumba wetu jana baada ya kusoma mchango wa FundiMita. Nilimwandikia kwenye karatasi: vyumba sita, uniti 150, bei mbili. Aliikalia ile karatasi muda mrefu. Akasema kumbe ndiyo maana wapangaji wake wanagombana kila tarehe 20. Ameuliza submita za vyumba ni bei gani. Fundi, nimjibu nini?

FundiMita

Mwambie submita itawaondolea ugomvi, kila mtu ataona uniti zake. Bei haitabadilika, kwa sababu LUKU inabaki moja na jumla ni ileile 150. Kinachobadilisha bei ni kila chumba kuombewa mita yake, na maombi hayo lazima yapite kwa mwenye nyumba, afanye wiring ya kila chumba peke yake. Gharama ya wiring ndiyo kubwa, na hakuna ruzuku inayomgusa mwenye nyumba wa namna hiyo. Nipe siku ya Jumamosi nije niipime nyumba, nimwandikie hesabu ya mita mbili kwanza, vyumba vitatu kwa mita moja. Uniti 75 kila upande. Mkijibana hapohapo, mnaingia kwenye bei ya chini wote sita.

Mke wa Mwalimu

Fundi, ukimaliza huko njoo na kwetu Tandika. Nitakuonyesha ule mstari wa peni.